Nani Alirudisha Moto Nyuma?

Nimeachana na spana kwa sababu ya magoti. Daktari ameniambia nisichuchumae tena, na fundi asiyeweza kuchuchumaa anabaki mtazamaji, na watazamaji gereji yetu ya Kitale inao wa kutosha. Siku mliyonipikia chai ya kuniaga, nyinyi vijana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa ile miaka ya Saudia. Haya, kaeni. Habari za vyeo msinitafutie, sikupata. Mshahara nilikula ukaisha. Nitawaambia habari za lori moja lililonichanganya kichwa kuliko gari lingine lolote nililowahi kulifungua.

Ufundi nilifunzwa Nakuru na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha darasani, ila mdomo wa mwalimu alikuwa nao: ukikosea anakuuliza kama mamako alikuzaa ama alikuokota. Yeye ndiye aliyenionyesha kupanga taiming ya injini za zamani za petroli. Hapo msikilize vizuri, maana nyinyi mmezoea kuchomeka kompyuta. Injini hizo zina distribyuta, kile kidude chenye nyaya zinazoenda kwa kila plagi. Ndani yake kuna pointi zinazofunga na kufunguka, na zikifunguka tu, cheche inaruka. Ukizungusha distribyuta kidogo upande mmoja, cheche inakuja mapema. Ukizungusha upande wa pili, inachelewa. Ikija mapema mno, injini inagonga kama kopo la misumari. Ikichelewa, gari linakuwa zito, linachemka, linakohoa kwenye egzosi. Huko kuchelewesha cheche tulikuita kurudisha moto nyuma. Mwalimu alikuwa akisema, "Panga kwa taa, hakikisha kwa sikio." Na anayegusa taiming kabla ya kusafisha pointi, alisema, huyo anafunga mkanda kabla ya kuvaa suruali.

Saudia nilienda miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati kila barabara ya Nairobi ilikuwa na ofisi ya ajenti na kila ajenti alikuwa na foleni. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, mabinti wangu wako sekondari. Ajenti aliniuliza, "Unajua gari?" Nikamwambia najua. Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu. Nikatua Jedda, akanipokea kafili, yaani mwajiri mwenye viza yako, ambaye pia ndiye anayekaa na maisha yako mfukoni. Sisi tulimwita bosi. Alikuwa na gereji ya mabasi madogo mtaa wa Nuzha hapo Jedda, na yadi nyingine kule Riyadh.

Siku yangu ya kwanza Nuzha nilifunguliwa boneti nikakuta plastiki tupu. Injini imefunikwa kama keki ya harusi. Niliizunguka nikitafuta mahali pa kuingiza bisibisi, wapi! Wenzangu walichomeka kijikompyuta, kikaandika namba, wakatoa kipuri wakaweka kingine, halas, gari limepona. Nilijiona kama mpishi aliyeajiriwa kufungua mikebe. Lakini nilizoea. Mtu huzoea hata joto la Jedda, ambalo hukuvisha shati lililolowa kabla hujatoka mlangoni.

Siku moja bosi alinikuta nasugua kwa msasa pointi za injini ya pampu ya maji ya zamani. Akasimama akaniangalia kwa muda.

"Wewe unajua vitu vya kizamani?"

"Hivyo ndivyo ninavyovijua, bosi."

"Yalla. Unaenda Riyadh."

Yadi ya Riyadh ilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, huko Naseem. Sisi wafanyakazi tulilala Shumaisi, chumba kimoja mimi na Barasa. Barasa alikuwa dereva, mtu wa Bungoma, mlokole wa kuamka na maombi na kulala na maombi. Mkewe, Nekesa, alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa madam mmoja kule Jedda, na tangu wafike nchi ile walikuwa wanaonana kwa simu tu. Waume wengine huweka picha ya mke ukutani. Barasa aliweka ramani ya barabara ya Jedda.

Na hapo yadini, chini ya bati, ndipo nilipolikuta lori. La petroli, la Kimarekani, rangi ya kijani iliyofifia, lililonizidi umri. Chini ya rejeta lilikuwa bado na lile tundu la kuingizia hendeli, kwa sababu zamani uliliwasha kwa kuizungusha injini kwa mkono. Stata ilikuja kufungwa baadaye. Lilikuwa la Baba, yaani baba yake bosi. Alilitumia kubeba mizigo kati ya Riyadh na Jedda kabla njia hiyo haijajua lami.

Bosi aliniambia maneno machache. Kijana wake mkubwa anaoa, harusi ni Jedda. Baba anataka lori lifike harusini likitembea lenyewe, likiwa limebeba mazulia ya bwana harusi. Mimi nilitengeneze, Barasa aliendeshe.

"Na likikataa, bosi?"

"Likikataa, wewe si fundi. Mtu asiye fundi nitampeleka mazraa."

Mazraa ni shamba. Msifikirie shamba la Kitale lenye mahindi na kijito. Ni jangwa, kibanda cha mabati, mbuzi na kondoo, na wewe. Nilimjua Mkenya mmoja aliyepelekwa mazraa kuchunga, na alipopata mtandao kwenye simu alitupigia akazungumza bila kupumua, kama mtu anayeogopa kuisahau lugha. Ikama yangu, yaani kibali changu cha kuishi kule, ilikuwa kwa bosi. Angenipeleka asubuhi na jioni nikawa nalala na mbuzi. Basi nikalivaa lile lori kwa moyo wote.

Baba mwenyewe alikuwa akishinda hapo yadini. Mzee mwembamba, ndevu za hina, kiti chake cha plastiki, kahawa yake. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka. Aliwahi kutoka na gari kununua mkate akaja kuokotwa mbali kabisa kwenye barabara ya Dammam, na tangu hapo bosi akamnyang'anya funguo za kila kitu chenye injini. Mimi aliniita "ya walad," yaani wewe kijana, na kichwa changu kimeshaota mvi. Nikimsalimu ananijibu vizuri, halafu baada ya muda mfupi ananisalimu tena upya. Nilimpenda. Alikuwa haingilii kazi ya mtu.

Nilianza inavyotakiwa. Plagi mpya, pointi safi, nafasi yake nikaipima kwa fila geji. Kwa taiming, lori hilo lina siri tamu: nyuma ya injini kuna tundu, ukichungulia unaona gurudumu zito linalozunguka, na kwenye gurudumu hilo kumepachikwa kijigololi cha chuma. Unaizungusha injini polepole kwa mkono mpaka kigololi kisimame katikati ya tundu. Unaunga taa ndogo kwenye waya wa pointi. Unalegeza bolti ya distribyuta, unaizungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, na palepale taa inapowaka, simama. Kaza. Nililipiga stata likaunguruma moja kwa moja, laini, mpaka Barasa akacheza kidogo. Tukalizungusha mtaani, linavuta kama punda aliyeona nyasi. Nikafunga boneti nikaenda zangu Shumaisi kupumzika mchana.

Kesho yake lori likawa zito. Linachemka, linakohoa. Nikafungua. Pointi safi. Nikaweka taa: moto umerudi nyuma. Nikajiambia, Wekesa, jana hukukaza bolti. Lakini bolti ilikuwa imekazwa, tena imekazwa kifundi, si kidogo si kupita kiasi. Nikapanga upya, likapona. Keshokutwa yake, moto nyuma tena.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Nilitoa distribyuta yote nikaikagua meno. Nikabadilisha kondensa. Nikapima uchakavu wa mhimili wake. Nikailaumu petroli. Nikalilaumu joto, nikalilaumu vumbi, nikamlaumu Mmarekani aliyelitengeneza. Kila nikipanga linapona, na kila nikilala linaugua. Hata sikio langu nikaanza kulitilia shaka, na mtu akishatilia shaka sikio lake, amebaki na nini? Nilikuwa nikisimama mbele ya ile injini kama mgeni, nisijue nishike wapi. Wallahi niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa chuma.

"Hii kitu ina majini," Barasa akasema. Akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Boneti ilikuwa imetoka juani. Ombi halikufika amina.

Harusi inakaribia. Bosi akija ananiuliza, "Tayari?" na mimi namjibu inshallah, mpaka siku moja akaniambia inshallah zangu zimekuwa nyingi. Siku ya kulijaribu lori likiwa na mzigo akaitaja: kesho, baada ya sala ya alasiri.

Asubuhi hiyo ya kesho nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo kabisa, nanyi msisubiri kama mimi. Nilipanga taiming, kisha nikachukua ncha ya msumari nikachora mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye distribyuta mpaka kwenye injini yenyewe. Mstari ukikatika, distribyuta imezunguka. Nikaenda kunywa chai na Barasa dukani. Tuliporudi mstari ulikuwa umeachana, nusu huku, nusu kule. Na bolti imekazwa.

Kwa hiyo kuna mtu! Damu ilinipanda. Bolti haijikazi yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamgeukia Barasa, ingawa tumetoka naye dukani. Hasira haina hesabu.

"Ni wewe. Umemtuma mtu."

"Mimi?" Barasa akashika kiuno. "Gari hili ndilo linanipeleka kwa Nekesa. Mke wangu hajui hata kama bado nina meno. Halafu nije niliharibu? Fundi, akili yako imepata pancha."

Alisema kweli. Nilimwomba msamaha, nikapanga taiming upya, nikachora mstari mwingine. Kisha nikamwambia aende Shumaisi peke yake. Mimi nilipanda ndani ya kabini ya lori nikajilaza chini kwenye sakafu, kichwa karibu na pedeli, mahali ambapo upenyo kwenye ubao wa mbele unakuonyesha injini kidogo, na ufa wa mlango unakuonyesha yadi. Joto la mle ndani siwezi kuwaelezea. Nikasubiri.

Aliyekuja alikuwa Baba. Alitembea polepole, mkono ukipapasa mudgadi kama mtu anayempita ng'ombe wake. Akafungua boneti bila kubabaika. Akatoa spana mfukoni mwa kanzu, saizi ileile, bila kujaribu nyingine. Akalegeza, akazungusha distribyuta kidogo tu, akasikiliza kimya kana kwamba injini inawaka, akakaza. Akaifuta kwa ncha ya kilemba chake. Akafunga. Akarudi kwenye kahawa yake.

Mimi nilibaki sakafuni. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mtu shati, na sasa nimshike nani? Mzee anajua kazi vizuri kuliko wengi wetu, na anaiharibu kwa ustadi. Kwa nini? Ananichukia? Jana tu alinimegea tende. Hataki lori liende? Ni yeye mwenyewe aliyeliomba liende! Niliwaza huku na huku, sikupata pa kutokea.

Kumwambia bosi nisingeweza. Kwanza, mfanyakazi wa kigeni anasimama mbele ya mtu na kumwambia baba yako ndiye mharibifu, huyo mazraa anapelekwa kwa mguu. Pili, bosi akiamini, angefunga yadi kwa kufuli, na yule mzee hakuwa amebakiwa na kitu kingine duniani. Nikaamua nitapanga upya kimyakimya dakika za mwisho, lori lipite mtihani, mengine baadaye.

Bosi akawahi. Adhana ya alasiri haijapoa masikioni, gari lake limeingia, vijana wanapakia mazulia, Barasa yuko kwenye usukani anafunga mkanda ambao lori halina. Sikupata hata nafasi ya kugusa boneti.

"Yalla, twende!"

Lori liliwaka kwa kunung'unika. Mlango wa yadi una mwinuko mdogo, hata baiskeli inaupanda. Lori likafika nusu yake, likakohoa, egzosi ikapiga kishindo kama bunduki, likazima. Barasa akaliwasha tena. Likazima. Mvuke ukatoka kwenye rejeta. Kila mtu akaniangalia.

Bosi hakupiga kelele mwanzoni. Alipumua. Kisha zikamtoka zote: nimemdanganya, ajenti amemdanganya, fundi gani anashindwa na injini ya babu. "Halas. Kusanya nguo zako. Kesho mazraa."

Nilifungua mdomo. Nilimwona Baba pembeni ameshika kikombe chake, nikaufunga. Nikawaza mabinti, nikawaza mbuzi.

"Usimpigie Idris kelele," Baba akasema.

Bosi akageuka. "Baba, huyu si Idris. Huyu ni fundi, Mkenya."

"Moto nimeurudisha mimi. Kila siku naurudisha, na yeye kila siku anausogeza mbele. Mbishi. Hakujifunza." Baba akaja mpaka nilipo, sauti inamtetemeka kwa hasira ya mtu anayekupenda. "Hendeli itakurudia, Idris. Itakuvunja mkono tena."

Nikaelewa nusu. Hiyo nusu ni ya ufundi, nawaambia nanyi: enzi za hendeli, cheche ikija mapema wakati unaizungusha injini kwa mkono, injini hupiga kinyume, na hendeli inakurudia kwa nguvu zote. Ndiyo maana waliokuwa wakiwasha kwa mkono walirudisha moto nyuma kwanza. Mzee alikuwa akinilinda. Lori lina stata, lakini kwenye kichwa chake stata bado haijafungwa.

Nusu ya pili alinipa bosi. Aliongea akiangalia chini, sauti imeshuka. Idris alikuwa utingo wa Baba, kabla bosi hajazaliwa. Siku moja njiani, mbali na watu, Baba alisogeza moto mbele ili lori livute vizuri mchangani, akasahau kuurudisha. Idris akazungusha hendeli. Mkono ulivunjika, na hakukuwa na daktari wa karibu. Uliunga vibaya, haukunyooka tena. "Alikuja kufa kwa ugonjwa, mimi mtoto," bosi akasema. "Nyumbani jina lake halitajwi."

Barasa alikuwa ameshuka, kofia mkononi.

"Panga upya," bosi akaniambia. Habari ya mazraa sikuisikia tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Nilipanga kwa taa, Baba amesimama begani pangu, hapendi hata kidogo. Ulipofika wakati wa kuwasha nikamwomba apande kabini, nikamwonyesha swichi ya stata, nikamwambia, "Washa wewe, Baba, hendeli leo tumeiacha." Bosi hakupinga. Mzee akabonyeza. Lori likaunguruma, Barasa akashika usukani, likaupanda ule mwinuko na mazulia yake yote. Baba alishuka akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

"Unauma?"

"Hauumi, Baba."

Safari ya Jedda tuliianza alfajiri, mimi na Barasa ndani ya lori, Baba na bosi nyuma kwa gari dogo. Barasa aliimba mapambio njia nzima. Kila tulipoingia kituo cha mafuta, Baba aliteremka, akalifuata lori, akaniita nishuke, akaukunja mkono wangu na kuukunjua. Unauma? Hauumi. Alikuwa amesahau kituo kilichopita, kwa hiyo kila kituo aliniuliza kwa wasiwasi mpya.

Kituo cha mwisho kilikuwa baada ya Taif, tumeshateremka milima, hewa ya Jedda inaanza kukushika koo. Barasa alikuwa kwenye simu na Nekesa, anacheka peke yake. Baba akaja. Akaukunja mkono, akaukunjua, lakini safari hii hakuuachia.

"Idris. Umenisamehe?"

Nilimtazama bosi, aniokoe. Bosi alikuwa amesimama karibu, anasikia yote, macho yake yako kwenye lami. Mimi ni Wekesa wa Kitale. Idris simjui, kabila lake silijui, sijui alikufa na kinyongo au bila kinyongo, na sikujua kama Mungu wake na wangu wangenielewa. Lakini mzee alikuwa ananisubiri, na mkono wangu alikuwa amekwisha kuunyoosha mwenyewe.

"Nimekusamehe, Baba," nikasema.

Mpaka leo sijui nani alinipa ruhusa ya kusema hivyo. Baba alirudi kwenye gari la bosi, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala mpaka Jedda.